Kikohozi cha Mwenyekiti

Mzee Isakwisa alikuwa na kikohozi kisichokuwa na mafua wala homa. Kilikuwa kikohozi cha mlangoni. Kila alipofika kwenye ofisi yetu pale Mbeya alisimama nje kwanza, akakohoa, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Mvua inyeshe, upepo wa mlimani umchape mgongoni, lazima akohoe na kungoja. Mimi ni Mhehe, na kwetu Iringa mtu akikohoa hivyo tunampa asali, basi nikampelekea chupa nzima. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, na kesho yake akakohoa vilevile.

"Asali imekwisha, Mzee?" nilimwuliza.

"Asali ipo, Philbert. Wewe unauliza sana."

Ni kweli, nauliza sana. Mama yangu alikuwa akisema nikitumwa chumvi nitarudi na habari za muuza chumvi, jamaa zake na ng'ombe wake, na chumvi yenyewe nimeisahau. Nadhani ndiyo sababu walinichagua kuwa katibu. Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na saba, Umoja wetu wa Makarani wa Hesabu ulikuwa umeamua kukua, na chama hakikui kama hakuna mtu wa kugonga milango na kuuliza.

Karani wa hesabu siku zile alikuwa mtu mpweke. Hesabu zikienda sawa hakuna anayemkumbuka, zikienda kombo yeye ndiye mwizi kabla hata ya kuulizwa. Ndiyo maana tuliungana, sisi tulioandika hesabu za vyama vya wakulima, maduka, misheni na mashamba, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Mzee Isakwisa, Mnyakyusa, karani mkuu wa ghala moja la kahawa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kila mwezi alitunga maswali, mimi nikayapiga taipu na kuyatuma kwa basi. Wenzetu wakajibu huko waliko, wakarudisha, na yeye akasahihisha kwa wino mwekundu. Aliyefaulu mwaka mzima alipewa cheti kwenye mkutano mkuu.

Nilizunguka mwaka ule hadi viatu vikalalamika. Chunya nilimkuta karani wa mgodi mdogo wa dhahabu akiandika huku amejifunga kitambaa puani, vumbi limejaa hadi kwenye kidau cha wino. Igowole nilimkuta mwingine ameweka kiti karibu na moto, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na kalamu haikushikika. Wote niliwauliza habari zao, nao wakafurahi kuulizwa. Wengi walijiunga kwa furaha hiyo tu, maswali ya hesabu waliyaona baadaye.

Lakini Mzee Isakwisa alikuwa na kanuni moja ngumu. Mwaka uliotangulia jamaa mmoja alipata cheti kwa majibu yaliyoandikwa na kaka yake, na aibu ile ilitufikia wote. Basi Mzee akaandika, nasi tukapitisha, kwamba cheti kitatoka mkononi mwa mwenyekiti na kuingia mkononi mwa mwanachama, uso kwa uso, baada ya mwenyekiti kumwuliza maswali yeye mwenyewe mbele ya mkutano. Asiyetokea, hana cheti. Hakuna udhuru wala mwakilishi.

Aliyefanya vizuri kuliko wote mwaka ule alijiita T. Kyejo, wa chama cha wakulima wa kahawa upande wa Kiwira. Majibu yake yalikuwa safi, mistari imenyooka, na kila kosa alilorekebishwa hakulirudia. Nilikuwa nimekwisha kumchora kichwani: mzee mwenye kipara, miwani, na mke anayemwogopa. Nilimwalika kwenye mikutano midogo ya Mbeya zaidi ya mara moja, naye kila mara aliomba radhi bila kutaja sababu. Sasa mtu kama mimi ukimnyima sababu, umemnyima usingizi.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, mwanamke mwenye sweta la kijivu na kanga mbili aliingia ofisini akaweka karatasi mezani.

"Basi la leo lilikuwa linakuja huku, nikasema nilete mwenyewe," alisema. "Mimi ndiye Tusajigwe Kyejo."

Kalamu ilinianguka. Nilimpa kiti, nikamwuliza alisoma wapi, akasema shule ya wasichana ya misheni. Nikamwuliza nani alimfundisha hesabu. Alikuwa ameanza kujibu wakati tuliposikia nje, "Ehem. Ehem."

Alinyamaza katikati ya neno. Akavuta kanga yake ikamfunika kichwa na uso wote, akainama, akajibanza nyuma ya kabati. Mimi, kwa furaha yangu ya kijinga, nikafungua mlango wazi kabisa.

"Mzee, ingia haraka! Yule Kyejo wetu ndiye huyu hapa!"

Na kama vile hiyo haitoshi, nikamshika mkono mwanamke wa watu nimtoe pembeni. Mzee Isakwisa aliona ncha ya kanga tu. Aligeuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaondoka mbio, mwavuli wake akauacha umeegemea ukutani. Nilipogeuka nyuma, mwanafunzi wetu bora wa mwaka alikuwa anatoka kupitia dirishani.

Siku ya pili nilimwuliza Mzee kulikuwa na nini. Aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau.

"Bwana Katibu, piga taipu maswali ya mwezi wa saba," akasema.

Nikawaza mengi. Deni? Kesi ya shamba? Au, Mungu nisamehe, mambo ya mapenzi? Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Kiwira.

Nilimkuta Tusajigwe kwenye ghala la chama chake, anapima magunia, wakulima wawili wamesimama kila upande wa mizani wakishuhudia. Alinikaribisha kwa adabu, lakini hakutabasamu. Wakulima walipoondoka alikaa juu ya gunia, akaniambia niketi juu ya jingine.

"Kaka Philbert, wewe ulitaka kuniua kwa aibu?"

"Mmegombana na Mwenyekiti?"

"Tugombane vipi? Sijawahi kusema naye hata neno moja. Yule ni baba wa mume wangu."

Akanieleza polepole, kama mwalimu anayemweleza mtoto aliyehamia kutoka shule nyingine. Kwao Wanyakyusa mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wake, na mkwe hamwoni yeye. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, jina lake halitamki. Akimsikia anakuja, anajifunika na kupisha.

"Tunaita ukutila. Usifikiri ni chuki, ni heshima," alisema. "Mchungaji aliwaambia watu waache, na wengine wameacha. Yeye na mimi hatukuacha."

"Na kile kikohozi?"

"Ananipa nafasi. Anao wana wengi, na wakwe tumetapakaa mpaka Mbeya mjini. Kila mlango anakohoa kwanza, asije akamkuta mmoja wetu."

"Mimi nilimpa asali," nikasema.

Hapo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikacheka naye, ingawa nilitamani magunia yanifunike. Alipotulia alifungua sanduku lililokuwa chini ya meza akanitolea majibu yake yote tangu mwaka uanze, yamepangwa mwezi kwa mwezi. Pembeni mwa kila karatasi palikuwa na ule mwandiko mwekundu niliouzoea. *Vizuri. Vizuri sana, ila acha nafasi. Hapa umenifurahisha.*

"Tangu niolewe, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu," alisema. "Anajua ni mimi. Jina la baba yangu analijua vizuri, si ndiye alimpelekea ng'ombe wa mahari? Lakini hajasema kwa mtu, na mimi sijasema."

Nilimwuliza sasa cheti atakipataje. Ndipo kicheko kikamwisha kabisa. Kamati ya chama chake ilikuwa imeamua kwamba mwaka mpya ukiingia, karani asiye na cheti cha Umoja atampisha mwenye nacho au mwanamume watakayemchagua, na mwanamume mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kuja kuangalia meza. Mume wa Tusajigwe alikuwa migodini Rodesia, na habari zake zilikuwa zinakuja kwa kusuasua. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe.

"Nikikosa hiki cheti, kaka, nitarudi kupalilia migomba ya watu," alisema. "Na migomba naijua, sio kwamba nadharau. Lakini hii kazi ninaipenda."

Nilirudi Mbeya nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Isakwisa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Sikuzunguka, nilimwambia nimejua.

Alichonga kidogo zaidi, kisha akaweka kisu chini.

"Basi kwa kuwa unajua, nisaidie kufikiri," alisema. "Nikisema yule ni mkwe wangu, wa Iringa watasema nilimbeba. Alama zote za mwaka zitakuwa uchafu, zangu na zake. Nikinyamaza, atatakiwa asimame mbele yangu, na hatasimama. Mimi pia sitaki asimame."

"Na kanuni ni yako, Mzee."

"Ni yangu," alisema. "Niliitunga usiku mzima, nikajiona nina akili."

Nilimhurumia, lakini pia nilimkasirikia, nami sikuficha. Nilimwambia kuna mtu atapoteza kazi kwa sababu ya heshima yake na kanuni yake. Alichukua kisu akaendelea na mpini wake, na mimi nikaondoka bila kuaga vizuri.

Mkutano mkuu ulifanyika Igawa, mwishoni mwa mwaka. Wa Mbeya walikuwa wamekataa kwenda Iringa, wa Iringa wamekataa kuja Mbeya, na Igawa iko katikati ya hasira zote mbili. Tulikodi banda la mfanyabiashara mmoja kando ya barabara kuu, mwendo kidogo kutoka darajani, lina mlango mbele na dirisha nyuma. Joto la bonde la Usangu lilitutoa jasho sisi watu wa milimani, lakini wali wake ulitufanya tusahau. Nilisoma majina ya wanachama wapya na ukumbi ukapiga makofi hadi yule wa Chunya akasimama na kuinama kama bwana arusi.

Kiongozi wa wenzetu wa Iringa alikuwa Filemoni, karani wa duka kubwa, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alikuwa hatuamini hata kidogo. "Watu wa Mbeya," alizoea kusema, "wanapeana vyeti kama wanavyopeana ndizi." Nilikuwa nimemficha Tusajigwe kwa mama mmoja muuza chai ng'ambo ya barabara. Nilikuwa sijui nitakachofanya jina lake likifikiwa.

Kabla sijalisoma, Mzee Isakwisa alisimama.

"Anayefuata ni Tusajigwe Kyejo," alisema. "Ndiye aliyepata alama za juu mwaka huu. Alama hizo nilizitoa mimi. Na yeye ni mke wa mwanangu."

Banda lilivuma kama mzinga uliotikiswa.

"Si niliwaambia?" Filemoni aliruka. "Si niliwaambia hawa watu?"

"Uliwaambia," Mzee alijibu. "Kwa hiyo msiziamini alama zangu. Bwana Filemoni, mtahini wewe, upya, mbele ya wote. Mwulize utakalo. Akishindwa, arudi nyumbani. Mimi naacha kiti, nakwenda darajani, maana kwa desturi yetu siwezi kukaa naye humu."

Filemoni alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Akakuna kidevu.

"Mzee, mwenyekiti akiacha kiti mkutano ukiendelea, hachaguliwi tena. Kanuni inasema hivyo."

"Najua inavyosema. Niliiandika mimi."

Akachukua kofia yake, akatoka. Sisi wa Mbeya tuliangalia chini. Alikuwa ameujenga Umoja ule kwa mikono yake, na kile kiti alikuwa anakipenda, tusidanganyane.

Nilikwenda kumleta Tusajigwe, nikamweleza yaliyotokea tukiwa tunavuka barabara. Alisimama katikati ya njia mpaka lori likatupigia honi.

"Ameacha kiti?"

"Ameacha."

Aliingia bandani akasimama mbele ya wanaume wale wote, mikono ameificha ndani ya kanga. Filemoni alianza na maswali ya kawaida, naye akajibu kwa sauti ndogo hivi kwamba waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele. Alimwuliza kwa nini kahawa iliyoingia ghalani ni nzito kuliko iliyotoka. Akasema kahawa inakauka, lakini karani haandiki kwamba imekauka mpaka ameipima tena mbele ya wakulima wawili, kwa sababu panya naye ana mdomo, na binadamu naye ana mfuko. Watu walicheka kidogo. Filemoni hakucheka.

Mimi nilikuwa na swali jingine linaloniwasha. Darajani ni mbali na jua lilikuwa la kuchoma, na Mzee hakuchukua mwavuli. Nikasema niende nimwangalie. Nilizunguka nyuma ya banda, na hapo nikasimama.

Mzee Isakwisa alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha, mgongo ameuegemeza ukutani, kofia iko magotini. Macho ameyafumba. Kila jibu lililotoka ndani alilitingishia kichwa. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Nikachuchumaa karibu naye.

"Darajani kuna jua," alinong'ona.

"Ni kweli, Mzee."

"Kumbe ndivyo anavyosema," akasema baadaye, polepole. "Miaka yote hiyo sikujua ana sauti ya namna gani."

Ndani Filemoni alikuwa anafikia mwisho. Alikuwa amebakiza swali moja la kumkaanga nalo, na sauti yake nene ilitufikia vizuri.

"Swali la mwisho. Baba mkwe wako amekuja ghalani. Anataka magunia, hana hati. Ni mkwe wako, na wewe unamwogopa. Utafanyaje?"

Mzee alipaliwa. Kikamtoka kikohozi kikavu, cha ghafla, akakizima ndani ya kofia kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Ndani kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu hata nikadhani ameshindwa, na Mzee naye alidhani hivyo, maana alinishika mkono akaniumiza.

Kisha sauti ya Tusajigwe ikatoka, na haikuwa ile ndogo tena. Ilijaa banda, ikapita dirishani, nadhani hata kwa mama wa chai ilifika.

"Baba mkwe wangu hawezi kuingia mahali nilipo, na mimi siwezi kutoka ghalani nikaacha ufunguo. Kwa hiyo magunia yatabaki. Lakini nitawaambieni jambo jingine. Yule hawezi kuja bila hati. Ninayoyajua yote kuhusu hati, yeye ndiye aliyenifundisha."

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga meza. Nikasikia Filemoni akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akisema, "Leta hicho cheti! Leta, nitatoa mwenyewe!" Walikuwa wamemkalisha Filemoni kwenye kiti cha mwenyekiti, na kiti kikabaki chake.

Mzee Isakwisa alivaa kofia yake. Alilia bila kujificha, kisha akajifuta.

"Usimwambie nilikuwa hapa," alisema. "Niliahidi kukaa darajani."

Nikamwahidi. Na sasa ndipo akaenda darajani kweli, juani, anatembea kama kijana. Aliniagiza wengine wapande basi, yeye atatafuta lori, ili mkwe wake asafiri kwa raha.

Jioni nilimsindikiza Tusajigwe kwenye basi la Mbeya. Cheti alikuwa amekizungushia kanga, na amekikumbatia.

"Kaka Philbert," alisema, mguu mmoja uko kwenye ngazi, "una asali nyingine kwenu?"

"Ipo. Unataka?"

"Si mimi. Mpelekee mwenyekiti wetu. Kile kikohozi cha leo kilikuwa cha kweli."

Nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Ulimsikia?"

"Ndiyo maana nilipaza sauti," alisema, akapanda.